Herufi mbili zilizokosa kiti

Mwalimu mmoja wa Gredi ya 4 kutoka upande wa Runyenjes, Kaunti ya Embu, ameniandikia akiwa na wasiwasi. Insha za Kiswahili za wanafunzi wake zimejaa "xaxa", "cjui" na "2naenda", na kila mzazi anayefika shuleni analaumu simu. Mwishoni mwa barua akaongeza jambo kana kwamba ni la pembeni tu: watoto haohao wakiandika Kiembu hawaweki alama juu ya i na u, ingawa walifundishwa tangu Gredi ya 1. Je, hilo nalo limeletwa na simu?

Habari za mwanga wa skrini, usingizi na michezo ya simu zimeandikwa sana, nami sitazirudia. Swali la insha nitalijibu kwa ufupi. Hilo la pembeni ndilo lililonishika, na ndilo nitakalokaa nalo.

Tuanze na "cjui". Mtoto anayeandika hivyo amechukua jina la herufi c kwa Kiingereza, akasikia kwamba linatamkwa "si", akaliweka mahali pa silabi ya Kiswahili. Katika "2naenda" amefanya vivyo hivyo: tarakimu 2 kwa Kiingereza hutamkwa "tu", basi inasimamia kiambishi cha nafsi. Ili kufanya hivyo lazima akate neno katika silabi kichwani, apime sauti ya kila silabi, kisha atafute katika lugha ya pili alama fupi inayotoa sauti hiyohiyo. Ustadi huu wa kusikia vipande vya sauti ndani ya neno ni nguzo mojawapo ya kujua kusoma. Mwaka 2009 Beverly Plester, Clare Wood na Puja Joshi wa Uingereza walichapisha utafiti kuhusu watoto 88 wa umri wa miaka 10 hadi 12, wakakuta kwamba waliotumia vifupisho vingi zaidi katika arafa ndio waliosoma maneno vizuri zaidi. Watoto wale walikuwa wakiandika Kiingereza, lakini sioni sababu ya akili ya mtoto wa Embu kufanya kazi kwa namna nyingine. Mwalimu, sahihisha "cjui" kwenye insha, kwa sababu insha ina adabu zake, lakini usiogope. Aliyeiandika anajua silabi.

Sasa alama zilizopotea.

Kimeru na Kiembu, pamoja na Gĩkũyũ iliyo ndugu yao, zina irabu saba. Kiswahili kina tano. Hizo mbili za ziada huandikwa ĩ na ũ: ya kwanza hutamkwa kati ya i na e, ya pili kati ya u na o. Alama iliyo juu yake inahitaji jina la Kiswahili. Wapo wanaoiita kofia, lakini kofia inaifaa zaidi ile yenye ncha, î, ambayo wengi huiandika badala yake kwa sababu kompyuta za zamani ziliijua hiyo na hazikuijua nyingine. Kistari nacho kina kazi yake tayari. Mimi naiita kiwimbi, kwa sababu ndivyo ilivyo, wimbi dogo, na mtoto akiambiwa "weka kiwimbi" mkono wake unajua la kufanya.

Kiwimbi si pambo. Katika Gĩkũyũ, tũma ni kutuma na tuma ni kushona au kufuma. Bila kiwimbi, maneno hayo mawili huandikwa sawa. Kiswahili kilizipoteza irabu hizo mbili zamani sana, ila kabla hazijafutika ziliacha alama kwenye konsonanti, ndiyo maana sisi tuna tuma na fuma. Yaani tofauti ambayo majirani zetu wa Mlima Kenya wanaibeba kwenye irabu, sisi tunaibeba kwenye herufi ya kwanza. Wakiacha kiwimbi, wao hawana pengine pa kuibeba.

Sasa tazama simu inavyofanya. Ujumbe mfupi wa maandishi, arafa, haukubuniwa kuwa huduma ya kujitegemea. Simu na mnara huzungumza muda wote kupitia njia ya ishara: niko hapa, kuna mtu anapiga, laini imekatika. Wahandisi wa Ulaya waliona kwamba njia hiyo ina nafasi inayobaki, wakataka kupitisha maneno humo. Mwaka 1985, mjini Bonn, Friedhelm Hillebrand alikaa na taipureta yake akaandika sentensi za kila aina na kuhesabu herufi. Karibu zote zilikuwa chini ya 160. Hicho kikawa kipimo. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na kila arafa iliyopita Meru au Embu tangu hapo imefuata hesabu hiyo.

Hesabu yenyewe ni tamu. Kifurushi kimoja cha arafa kina baiti 140, na kila baiti ina biti 8, jumla biti 1120. Ifikirie kama matatu kubwa iliyoegeshwa stendi ya Embu, inayokwenda Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu. Ina safu 140, kila safu viti 8. Kila herufi ni familia ya watu 7 ambao hawatengani, kwa sababu kwenye orodha ya utingo kila herufi imepewa nambari yenye tarakimu 7 za sifuri na moja. Herufi a, kwa mfano, ni 1100001. Familia ya kwanza inaketi safu ya kwanza, na kiti kimoja kinabaki. Utingo wa Kenya hawezi kuacha kiti kitupu. Anamwita mtu mmoja wa familia inayofuata, anampachika pale, na sita waliobaki wanaketi safu ya pili, ambapo sasa vinabaki viti viwili. Watu wawili wa familia ya tatu wanavijaza. Anaendelea hivyo, na akifika mwisho wa safu ya saba amepakia familia nane badala ya saba. Safu 140 zikijaa, ndani kuna familia 160, na hakuna kiti hata kimoja kilichopotea. Kila ninapoipitia hesabu hii naona raha. Watu walioitunga walikuwa wabanifu kwa maana nzuri kabisa ya neno hilo.

Lakini tarakimu saba za sifuri na moja hutoa nambari 128 tu, kwa hiyo orodha ya utingo ina nafasi 128. Walioiandika walikuwa Wazungu, wakawapangia majirani wao: ñ ya Kihispania imo, å ya Kiswidi imo, ß ya Kijerumani imo, na herufi kubwa 10 za Kigiriki zimo, zikiwemo Δ na Ω. ĩ na ũ hazimo. Kimeru chenyewe kikiandikwa kikamilifu, Kĩmĩrũ, kina viwimbi vitatu katika jina lake, na hakiwezi kulitaja kwa orodha ile.

Basi ũ inafika stendi ikiwa na nauli mkononi, na jina lake halipo. Utingo hamfukuzi abiria. Anatoa orodha ya pili, kubwa mno, yenye nafasi 65,536, na humo ũ imo. Ila katika orodha hiyo kila familia huhesabiwa kuwa na watu 16, na sharti la safari ni kutumia orodha moja tu kwa abiria wote. Kwa hiyo a, ambayo ilikuwa imetulia na watu wake 7, inaamriwa ishike viti 16. Watu wake hawajaongezeka. Mbele yao vinakaa viti tisa vyenye sifuri tupu, navyo vimelipiwa. Kila abiria ndani ya gari anafanyiwa hivyo kwa sababu ya ũ moja. Gawanya 1120 kwa 16: herufi 160 zimekuwa 70.

Unaweza kuliona hili mwenyewe. Fungua programu ya arafa kwenye simu inayoonyesha hesabu ya herufi zilizobaki, andika "kathatu", na zitabaki 153. Irudie kama Waembu wanavyoiandika katika Mweri wa kathatũ, mwezi wa tatu, na zitabaki 63. Ujumbe ukizidi gari moja, kila gari hutengewa biti 48 za kuandika ni la ngapi katika msafara, kwa hiyo lenye orodha ndogo hubeba 153 na lenye orodha kubwa 67. Barua ya herufi 150 kwa nyanya huko Nkubu ni arafa moja ikiwa haina kiwimbi. Ikiwa na kiwimbi kimoja tu ni arafa tatu, na zinalipiwa tatu. Programu ya Messages ya Google ina hata mpangilio wa kugeuza herufi za namna hii ziwe za kawaida ili nafasi isiliwe. Waturuki walikutana na tatizo hilohilo kwa herufi zao, na viwango vya simu vikatengewa jedwali la Kituruki, kisha yakafuata ya Kihispania, Kireno na lugha kadhaa za India. Hakuna jedwali la lugha yoyote ya Kenya.

Wazazi wa watoto wa yule mwalimu walijifunza kuandika kwa simu kwenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, enzi ambazo kila arafa ilihesabiwa kwa shilingi. Waliacha viwimbi, na kibodi zenyewe hazikuwapa. Watoto wao leo wako kwenye WhatsApp, ambako ũ haipunguzi nafasi ya ujumbe, lakini wanaiga maandishi wanayoyaona nyumbani. Kibodi nayo inaiga. Inakumbuka maneno unayoyaandika mara kwa mara na kukupendekezea. Ukiizoesha "kathatu" bila kiwimbi, itamletea mtoto "kathatu" bila kiwimbi, na mtoto ataamini kwamba simu inajua. Wengine wameacha kuandika kabisa: humtumia nyanya ujumbe wa sauti kwa Kimeru kizuri, kisha wanarudi kwa wenzao na kuandika Sheng. Kimeru kinabaki mdomoni, maandishi yanakwenda kwa lugha nyingine.

Darasani hasara ya kuacha viwimbi inaweza kukisiwa. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza watoto wa Ufini, ambako kila sauti ina herufi yake, walisoma sahihi asilimia 98 ya maneno waliyopewa. Watoto wa Uskoti waliokuwa wakisoma Kiingereza walipata asilimia 34. Kiembu chenye viwimbi kiko upande wa Ufini: kila irabu ina herufi yake. Ukiondoa viwimbi, irabu saba zinabanana katika herufi tano, na mtoto wa Gredi ya 1 anapokutana na u hana budi kubahatisha ni ipi kati ya sauti mbili. Tunaisogeza lugha yake kuelekea upande wa Kiingereza katika madarasa yaleyale matatu ya kwanza ambayo mtaala wa umilisi, CBC, umeitengea lugha ya mama.

Wanaoguswa si wachache: katika sensa ya 2019 Kaunti ya Meru ilihesabiwa watu 1,545,714 na Embu 608,599. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi vipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, na kuanzia 2016 serikali ikasambaza zaidi ya vishikwambi milioni moja katika shule za msingi za umma. Fedha nyingi zilikwenda kwenye vifaa, na mjadala wa miaka ile ulikuwa wa bei na umeme. Sikusikia mtu akiuliza kama mtoto wa Igembe au Mbeere ataweza kuandika jina la kijiji chake kwa kifaa hicho.

Na kazi kubwa imekwisha kufanyika. Hazina ya data za lugha ambayo simu na kompyuta nyingi duniani huichota, ile inayotunzwa na shirika la Unicode, ina Kiembu chini ya herufi ebu na Kimeru chini ya mer, na majina ya miezi yote 12 yamo pamoja na viwimbi vyake. Mwezi wa Aprili kwa Kimeru umeandikwa Ĩpurũ. Michoro ya herufi nayo ipo tayari, kwa sababu Kivietinamu hutumia ĩ na ũ zilezile, na simu inayouzwa Hanoi ndiyo inayouzwa Makutano, Meru.

Kwa hiyo, mwalimu wa Runyenjes, na wazazi wanaokuja kwako kulalamika: fungueni mipangilio ya simu leo, tafuteni lugha za kibodi, ongezeni Gĩkũyũ, na ikikosekana ongezeni hata Kivietinamu, muwe na herufi hizo mbili chini ya kidole. Mwandikieni mtoto ujumbe mmoja wa WhatsApp kwa Kiembu kamili, kisha mwingine kesho. Kibodi itajifunza kwenu, na mtoto pia. Nanyi mnaoinunulia serikali vifaa vya shule, kabla ya kununua kishikwambi kingine hata kimoja, wekeni sharti hili kwenye zabuni: kibodi yake iwe na irabu zote saba.