Samaki wa Maji Baridi na wa Hori Katika Tangi Moja

Mtu anunuaye tangi la kioo alipambe sebuleni huanza na samaki wa dhahabu wawili watatu, kisha macho hutamani zaidi. Siku moja hukutana na mono, yule samaki bapa wa rangi ya fedha apatikanaye katika hori za pwani yetu, akamtia humo humo. Baada ya majuma machache mmoja wao huacha kula, mapezi hukunjamana, na mwisho huonekana akielea. Hulaumiwa chakula, au muuzaji, na huku kosa limo katika maji.

Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi kuliko maji yaliyomzunguka. Kwa sababu hiyo maji humwingia daima, hasa kwa njia ya matamvua, naye huyatoa kwa kukojoa sana. Samaki wa baharini ana taabu iliyo kinyume. Bahari ina chumvi kadiri ya gramu 35 katika kila lita, nayo humnyang'anya maji ya mwilini, hata imemlazimu kuyanywa na kuitoa chumvi kwa matamvua. Wale wakaao mikokoni, ambako mto hukutana na bahari, wamejaliwa kuweza kazi zote mbili, kwa kuwa huko maji hubadilika kila yajaapo na kupwa.

Wapo wadhanio kwamba dawa ni kutia chumvi nusu, kila mmoja apate fungu lake. Shauri hilo ni baya. Samaki wa dhahabu hudhoofika, mimea mingi ya mtoni huoza, wala mono hatosheki, maana kadiri akuavyo ndivyo atakavyo chumvi zaidi. Anayetaka mchanganyiko na achague samaki wavumilivu tangu mwanzo. Moli, samaki mdogo mwenye asili ya Mexico na nchi jirani, hustawi katika maji baridi magumu na katika maji ya chumvi kidogo pia. Perege wa Msumbiji huweza hata maji ya bahari akizoeshwa polepole, ila ni mgomvi na hukua upesi. Mahali pake ni bwawani. Wala mtu asidanganywe na perege wa Ziwa Magadi, astahimiliye maji makali ya moto. Huyo ameumbika kwa mahali pale, na ndugu yake wa ziwa jingine akitiwa humo atakufa.

Kupima chumvi si kazi ngumu. Chombo chake huelea majini mfano wa kile wafugaji wa ng'ombe wakijuacho, kipimacho kama maziwa yametiwa maji. Maji baridi husoma 1.000, bahari karibu 1.025, kwa moli, 1.005 hutosha. Itumike chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa matangi, kwani ya jikoni imekosa madini mengine, nayo iongezwe kidogo kidogo kwa majuma kadhaa.

Jambo moja huwaponyoka hata wazoefu. Maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki, hubaki tangini. Basi pengo hilo lijazwe kwa maji baridi matupu, na maji yaliyotiwa chumvi yangoje siku ya kubadilisha sehemu ya maji. Ajazaye kwa maji ya chumvi kila mara atapima baada ya miezi michache, akute tangi limekaribia kuwa bahari.