Simu ya Kabambe na Wakati wa Kufuturu Kakamega

Kila Ramadhani ikikaribia hutufikia swali ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuliuliza. Huletwa na wazazi wa pwani wenye watoto wanaosoma Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, au waliowaoza mabinti zao pande hizo: ujumbe wa nyakati za swala unaoingia katika simu ya mwanangu, je, wafaa kufuatwa huko aliko? Jawabu letu ni kwamba yategemea kama ujumbe huo unajua yuko wapi, na mara nyingi haujui.

Tuseme kwanza jinsi simu ndogo ya vibonye, ile vijana waiitayo kabambe, inavyojulikana ilipo. Simu hiyo haina kifaa cha kupokea ishara za setilaiti. Lakini mtandao hauna budi kujua ni mnara upi ulio karibu nayo, la sivyo usingeweza kuifikishia mwito. Mjini minara imekaribiana, kwa hiyo makisio huwa ya mtaa. Mashambani, kama pembezoni mwa msitu wa Kakamega, mnara mmoja wa mitambo ya kizazi cha pili waweza kuhudumia hata umbali wa kilomita 35. Kwa kutafuta nyumba ya mtu makisio hayo ni mabovu, bali kwa wakati wa swala yatosha, kwani kilomita 35 hazibadilishi Magharibi kwa zaidi ya dakika moja na nusu.

Tatizo ni kwamba huduma nyingi za ujumbe mfupi haziulizi mnara. Hushika mji ulioandikishwa siku ya kujiunga, basi. Binti aliyejiandikisha akiwa Likoni huenda na laini yake hadi Kakamega, na jioni simu humwambia Magharibi imeingia. Imeingia Mombasa.

Jua huchukua dakika 4 kuvuka kila digrii moja ya longitudo. Mombasa iko karibu na digrii 39.7 mashariki, Kakamega karibu na 34.75. Tofauti ni kama digrii 5, yaani takriban dakika 20, ambazo Kakamega huchelewa. Kwa Magharibi tofauti hii hubadilika, kwa kuwa Mombasa iko kusini ya ikweta na Kakamega iko kaskazini yake kidogo: hupungua hata kufikia kama dakika 12 mwezi wa Disemba, na huongezeka hadi kama 27 mwezi wa Juni.

Dakika hizo si chache kwa aliyefunga. Anayefuturu kwa wakati wa Mombasa akiwa Kakamega amekula jua lingali juu. Kwa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu wa pwani, aliyekula akidhani jua limekuchwa, kisha ikabainika halijakuchwa, hana dhambi, lakini siku hiyo hulipa. Binti akifanya hivyo mwezi mzima bila kutanabahi, deni lake ni la mwezi mzima. Alfajiri pia ina lake: anayeacha kula mapema hadhuriki, lakini akiswali kwa saa ya Mombasa ameswali kabla ya wakati, na swala hiyo hairudishiwi chochote na daku.

Tunawashauri wazazi wamwambie mtoto abadilishe mji katika huduma hiyo siku ya kwanza afikapo, na kama haina Kakamega katika orodha yake aiache. Misikiti iko. Uislamu wa upande ule si mgeni; uliingia Mumias na wafanyabiashara wa pwani, na Nabongo Mumia mwenyewe alisilimu. Adhana ya mtaani haina haja ya kuandikishwa.

Kibla nacho hutofautiana. Mombasa huelekea karibu kaskazini kamili. Kakamega huegemea mashariki kwa digrii 13 hivi. Asiye na dira asimame machweo yakiwa kushoto kwake, kisha ageuke kulia kiasi cha ngumi moja na kidogo zaidi, mkono ukiwa umenyooshwa mbele.

Huduma nyingine zinazotegemea mahali zina manufaa yake, kama za hali ya hewa kwa wakulima, na kwazo pia ni lazima jina la mahali liwe sahihi.

Limebaki jambo ambalo akina mama hutuuliza kwa sauti ya chini: je, mume aweza kuomba kuelezwa mkewe yuko wapi kwa njia ya mnara? Wapo wanaojitapa kuuza huduma hiyo. Sisi twaiona ni tajasusi, iliyokatazwa, na wivu hauihalalishi. Tena sheria ya nchi iko wazi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 hulinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humpa mwenye simu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, kuziona, na kupinga. Mwanamke anayeshuku kwamba mahali pake panatolewa kwa mwingine bila ridhaa yake aweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na hahitaji idhini ya yeyote nyumbani ili kufanya hivyo.