Mgeni Anapougua: Tanzania, Uganda na Kenya Zinavyotoa Huduma za Afya kwa Wakimbizi

Mkoa wa Kagera unapakana na Rwanda, Burundi na Uganda. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda waliingia wilayani Ngara kupitia Daraja la Rusumo kwa muda wa takribani siku moja, wakapiga kambi Benaco. Hivyo, swali la nani amtibu mgeni na kwa gharama ya nani si geni kwetu. Nchi jirani zimelijibu kwa njia tofauti.

Nchini Tanzania, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inaelekeza wakimbizi waishi katika maeneo yaliyotengwa. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, matibabu hutolewa na mashirika yanayoshirikiana na Serikali na UNHCR. Huduma huwa karibu na mgonjwa, lakini hutetereka wafadhili wanapopunguza fedha.

Uganda, kwa Sheria ya mwaka 2006, huwapokea wakimbizi katika makazi ya wazi kama Nakivale, ambako mkimbizi na mwenyeji hutumia kituo kimoja cha afya. Wenyeji hunufaika na vituo hivyo, ila dawa na watumishi hugawanywa kwa watu wengi zaidi.

Kenya iliwasajili baadhi ya wakimbizi wa mijini katika mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, ambao nafasi yake ilichukuliwa na SHA Oktoba 2024. Hapo asiyechangia anaweza kukosa baadhi ya huduma.

Umuhimu wa suala hili tumeuona hapa Biharamulo. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg wilayani kwetu. Hadi ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamefariki, wakiwemo waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huo. Kirusi hakichagui raia na mgeni. Mgonjwa anayefichwa ndani kwa hofu ya kuulizwa vibali huiweka hatarini familia inayomhifadhi na kijiji kizima.

Kwa hiyo, mwananchi mwenye mgeni anayeugua, hususan mwenye homa kali, kutapika, kuharisha au kutokwa damu, asimfiche. Epuka kugusa damu, matapishi na majimaji yake, mtaarifu mhudumu wa afya ngazi ya jamii au Mtendaji wa Kijiji, au piga 199 bila malipo. Masuala ya vibali yana Idara ya Uhamiaji. Kazi ya mganga ni kutibu.