Mlango Uliofungwa na Mababu



Wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya wanawake, mama mmoja alibaki nyuma akaniuliza swali aliloliona haya mbele ya wenzake. Wanawe wawili, mmoja wa miaka 14 na mwengine wa 17, wamezama katika filamu za Kihindi za mapigano, zile zilizotiliwa maneno ya Kiswahili. Sasa wameanza kutembea kama wale mashujaa wake, kifua mbele, mkono ukipapasa sharubu ambazo bado hazijaota. Akataka kujua kama awakataze. Nikamwuliza, ni ipi hasa wanayoipenda. Akanitajia filamu ambayo mimi mwenyewe niliitazama nikiwa kijana, tena si mara moja.

Sikumjibu palepale. Nilikwenda nikaitazama upya, na safari hii nikaitafuta ile ya asili.

Ya asili ni ya Kitamil, lugha ya watu wa kusini ya India na kaskazini mwa Sri Lanka. Inaitwa Thevar Magan, yaani mwana wa Thevar, na ilitoka mwaka 1992. Aliyeiandika ni Kamal Haasan, ambaye ndiye pia mchezaji wake mkuu, na iliongozwa na Bharathan. Miaka mitano baadaye ilitengenezwa tena kwa Kihindi, Anil Kapoor akiwa ndiye kijana, na hiyo ndiyo wengi wetu wa pwani tuliyoijua, kwani masikio yetu yamekizoea Kihindi cha filamu tangu enzi za Mother India. Ile ya Kihindi iliitwa Virasat. Neno hilo halihitaji mkalimani hapa kwetu: limetoka katika Kiarabu, katika shina lile lile lililotupa sisi warithi, urithi na mirathi.

Hukumu ya nyimbo na ngoma zilizomo, na ya kutazama ibada za masanamu, sitaizungumzia leo. Kauli za wanazuoni zinajulikana, na mzazi aliyeshika rimoti anajua pa kuruka. Nataka kuzungumzia kisa chenyewe, kwa sababu ni kisa chetu.

Kijana Sakthi anarudi kijijini kwao kutoka London alikosoma. Amekuja na mchumba, Bhanu, na azma yake ni kufungua mikahawa mjini. Kijiji kwake ni mahali pa kuzuru tu. Baba yake ndiye mkubwa wa kijiji. Lakini baba huyo na nduguye hawasemezani, na mtoto wa nduguye, Maya, ameukuza ugomvi wa wazee mpaka umekuwa ndiyo kazi yake. Hekalu la kijiji limetiwa kufuli kwa ajili ya ugomvi huo. Sakthi, kwa wepesi wa mtu aliyetoka mbali, anataka kumwonyesha mchumba wake ndani yake. Kufuli linavunjwa. Aliyelivunja ni mtumishi maskini wa nyumbani, na yeye ndiye anayelipa: wanamkata mkono.

Hapo ndipo nilipoisimamisha filamu mara ya kwanza. Kijana wa London amefanya utundu, mtu mwengine amepoteza mkono. Ndivyo zinavyokwenda fitina za koo kubwa popote duniani: anayeamua ni mmoja, anayelipa ni aliye karibu na mlango.

Baada ya hapo mambo huharibika upesi. Tuta la kuzuia maji linavunjwa, kijiji kinagharikishwa, watu wanakufa na watoto wao. Sakthi anataka kuondoka. Baba anamweleza, mvua ikinyesha nje, kwamba mtu hupanda mbegu akijua huenda matunda hatayala yeye mwenyewe, na kwamba kuondoka wakati watu wako wanazama si elimu. Maneno haya mwenye shamba la minazi katika visiwa vyetu anayafahamu bila ya kufasiriwa. Kisha mzee anavunjiwa heshima mbele ya baraza, anarudi nyumbani, na anafariki akiwa kati ya watoto wadogo wa nyumba. Mwana ananyoa nywele zake ndefu, anafuga sharubu za baba, anavaa nguo za baba, anakaa pale alipokaa baba.

Wavulana wa yule mama wanaipenda filamu kwa sababu ya dakika hizo. Siwalaumu, nami nilipokuwa na umri wao nilisimama mbele ya kioo. Wala si wao peke yao. Huko huko kusini ya India, wimbo mmoja wa filamu hii uligeuzwa na watu wa tabaka la Thevar ukawa wimbo wa majigambo ya ukoo, ingawa filamu yenyewe inawasihi watu hao hao waweke silaha chini. Mtunzi alihubiri, wasikilizaji wakaondoka na sharubu.

Kwani mwisho wake ni upi? Sakthi hataki kumuua Maya. Anamwambia akimbie, watu wasije wakamshika. Maya, kwa fedheha, hawezi kukimbia. Anamrukia, wanapambana, na katika mapambano hayo Maya anakatwa shingo. Wafuasi wanajitolea kuibeba hatia wao, kama walivyoibeba miaka yote. Anakataa. Anawaambia waache mapanga na wawapeleke watoto wao shule, kisha anakwenda kujisalimisha kwa polisi. Anajua kwamba damu ya binamu yake iko juu yake, hata kama hakuikusudia, na hakubali mtumishi mwengine akatwe mkono kwa niaba yake. Kama kuna toba katika filamu hii, ipo hapo, wala si katika sharubu. Wavulana, niliambiwa, kwa kawaida wameshainuka kwenda kunywa maji wakati huo.

Kuna jambo ambalo katika ujana wangu sikuliona kabisa, nikaliona safari hii. Bwana harusi mmoja anakimbia siku ya ndoa yake kwa kumwogopa Maya, na ili msichana, Panchavarnam, asifedheheke, Sakthi anamwoa yeye mwenyewe siku hiyo hiyo. Bhanu anarejea na kukuta mchumba wake ana mke. Mmoja anaolewa na mtu ambaye moyo wake uko kwengine, mmoja anaondoka na mikoba yake. Na aliyeolewa, muda si mwingi, mumewe anakwenda gerezani. Waliogombana ni wanaume wa nyumba mbili. Wanawake hawa hakuna kati yao aliyegombana na mtu.

Sasa tuje katika mirathi, kwa kuwa jina la filamu ya Kihindi ndilo hilo. Anapofariki mtu, sharia yetu inataja kwa utaratibu kinachotolewa katika mali yake: kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha mafungu ya warithi. Mjane ana fungu lake, mama ana fungu lake, binti ana fungu lake, kwa nusu, robo, thumuni na sudusi. Nimefundisha faraidhi miaka mingi, na sijaona katika kitabu chochote fungu liitwalo uadui. Hata hivyo, katika nyumba nyingi ndilo fungu la kwanza kugawanywa, tena hulipata hata mtoto wa tumboni.

Mtume wetu (S.A.W.) alipohutubia Arafa katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, alitangaza kwamba visasi vya damu vya zama za ujahili vimefutwa. Na cha kwanza alichokifuta kilikuwa cha nyumba yake mwenyewe: damu ya mtoto wa Rabia bin al-Harith, wa ukoo wa Abdul-Muttalib, aliyeuawa na watu wa Hudhayl alipokuwa akinyonyeshwa kwa Bani Saad. Angeweza kuanza kwa damu ya watu wengine, na hakuna ambaye angemlaumu. Alianza kwa haki ambayo yeye na ami zake ndio waliokuwa wakiidai.

Na tuwakumbuke waliotutangulia katika visiwa hivi. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mtu ambaye alipigana na majeshi ya Unguja. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wake kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mke wa mpiganaji yule, mwanamke wa nyumba iliyokuwa na maadui wa kutosha, alimwachia bintiye dini, adabu na dua.

Ninayasema haya yote kwa sababu ya mlango mmoja hapa Lamu. Wenyewe, pande zote mbili, wameniruhusu kuuandika bila ya kuwataja.

Ni nyumba mbili za mawe zinazotazamana, na juu ya kichochoro zimeungwa kwa wikio. Vijana wa leo huona wikio ni pambo la kupigwa picha na wageni. Mababu walilijenga ili wanawake wa ndugu wawili waweze kutembeleana juu kwa juu, usiku au mchana, bila ya kujifunga buibui wala kushuka njiani. Katika nyumba hizi mlango wa wikio umefungwa tangu kabla sijazaliwa. Ndugu wawili waligombana kwa ajili ya shamba la minazi aliloliacha baba yao. Kila mmoja alisema nusu yake imeliwa na mwenzake. Wamekufa wote wawili bila ya kusemezana. Wajukuu wao wanasoma katika chuo kimoja na hawakai mkeka mmoja, na ukiwauliza sababu, hawaijui. Mwaka jana, usiku wa mvua, msichana wa nyumba moja alishikwa na uchungu. Mkunga mzoefu kuliko wote mtaani anaishi nyumba ya pili, hatua sita kutoka kitandani pake. Alikuja, Mwenyezi Mungu amjaze kheri, lakini alishuka ngazi, akazunguka kichochoro chenye maji ya magotini, akapanda ngazi nyingine. Mtoto alikuwa ameshatoka.

Walipokuja kwangu hatimaye, niliomba kitu kimoja tu: nani na nani walimrithi yule mzee. Alifariki akiwa mjane, wazazi wake wamemtangulia, na aliacha watoto wanne. Wanne! Wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Miaka yote hii hakuna aliyewataja mabinti. Mali yake ilikuwa igawanywe sehemu sita: mbili kwa kila mwana wa kiume, moja kwa kila binti. Kwa hiyo kila ndugu alikuwa na haki ya thuluthi, na nusu aliyoililia mpaka kaburini haikuwa yake kamwe. Wanaume wawili waligombania mali ambayo thuluthi yake ilikuwa ya dada zao, waliokuwa wakiwapikia.

Binti mmoja alifariki zamani, na sehemu yake ni ya watoto wake. Wa pili yu hai. Nilipanda kwenda kumwona. Ameketi katika ndani ya nyumba yake, macho yamefifia lakini ulimi bado. Nikamweleza hesabu. Nilitaraji, nakiri, kwamba angesema amewasamehe, kwa kuwa wanawake wetu tumewazoesha kusema hivyo kabla hawajaulizwa.

“Maalim,” akaniambia, “ufunguo wa wikio uko katika kidaka kile, nyuma ya kopo. Aliupa mama, mama akanipa mimi. Sudusi yangu sijaisamehe. Nawanipe kwanza, nikisamehe, nisamehe changu.”

Nikamwambia amesema kweli, na kwamba hakuna aliye na haki ya kumharakisha.

Yule mama wa darsa nimemjibu hivi: asiwakataze wanawe, akae nao, na asikubali mtu ainuke kunywa maji kabla Sakthi hajafika kwa polisi. Kisha awaulize nani alimkata mkono yule mtumishi, na kwa nini.

Ama nyumba zile mbili, warithi wote, wanaume na wanawake, watakutana Alhamisi hii baada ya Alasiri. Shamba limeshapimwa. Seremala ameutazama mlango. Anasema mbao zimevimba na bawaba zimeliwa na kutu, na hata ufunguo ukipatikana itabidi aupige randa kwanza.