Baiskeli anaijua, kwa nini anakwama akiulizwa kwa Kiingereza?

Ukifika Usevya, wilayani Mlele katika Mkoa wa Katavi, baiskeli utaziona kila upande. Moja imebeba gunia la mpunga, nyingine madumu ya maji, nyingine wanafunzi wawili, mmoja akiwa amekaa kwenye keria. Mtoto wa huku akifika darasa la sita, mara nyingi ameshajua kuziba pancha, kurudisha mnyororo ulioruka na kusukuma mzigo kwenye tope la masika.

Sasa muulize mtoto huyo kwa Kiingereza: "Tell me about your bicycle," yaani nieleze kuhusu baiskeli yako. Usishangae akijibu: "Bicycle has two wheels. It is good." Kisha kimya.

Mzazi, mtoto huyo hajakosa cha kusema. Anayo mengi, ila anadhani kwamba kwenye Kiingereza linatakiwa jibu la kitabuni, sentensi mbili za kukariri. Hapo ndipo unaweza kumsaidia, hata kama wewe mwenyewe hukupata nafasi ya kujifunza lugha hiyo.

Kuongea kuna kazi gani?

Katika shule nyingi za msingi za serikali, mtoto husoma kwa Kiswahili na Kiingereza ni somo mojawapo. Akiingia kidato cha kwanza mambo yanageuka, masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza. Kwa kuwa mtihani wa taifa wa Kiingereza wa kidato cha nne hufanywa kwa kuandika, wapo wanaoona kuongea si lazima.

Lakini mwalimu wa Baiolojia au Jiografia akiuliza swali darasani, anasubiri jibu la mdomo. Mtoto anayeogopa kufungua mdomo hajibu, na asipoelewa haulizi. Anabaki nyuma taratibu, na mzazi unakuja kujua siku ya matokeo.

Mbele ya safari kuna mitihani ya kuongea yenyewe. Kijana anayeomba kusoma au kufanya kazi Uingereza, kwa mfano, anaweza kutakiwa kufanya mtihani wa IELTS. Sehemu yake ya kuongea huchukua dakika 11 hadi 14. Mtahiniwa hupewa mada ya kawaida kabisa ya maisha, akajiandaa kwa dakika 1, kisha akaongea peke yake kwa dakika 1 hadi 2. Anapimwa mambo manne: kuongea kwa mtiririko, maneno anayotumia, sarufi na matamshi. Hakuna alama ya kumiliki baiskeli ya bei kubwa. Kinachopimwa ni namna anavyoieleza.

Anzeni kwa Kiswahili

Jioni baada ya chakula, muulize maswali haya kwa Kiswahili na umwache aongee:

1. Baiskeli yetu ilipatikanaje?
2. Nani anaitumia zaidi, na kwa kazi gani?
3. Siku gani ilitusumbua, na tulifanyaje?
4. Isingekuwepo, tungefanya nini?

Ataongea, tena atacheka akikumbuka siku ile mzigo ulipoanguka. Hayo ndiyo majibu. Akishayapata kwa Kiswahili, mwambie ayaseme kwa Kiingereza anachokijua, bila kutafuta maneno makubwa.

Mpe njia moja rahisi ya kukumbuka: jibu, sababu, mfano. Aseme jibu lake, aseme kwa nini, kisha atoe tukio moja lililotokea kweli. Tazama jibu hili:

"My father has a bicycle. He bought it after the harvest. We use it to carry rice because our farm is far. One day the tyre got a puncture, so we pushed the bicycle home. I was tired, but the rice was safe."

Maana yake: baba ana baiskeli, aliinunua baada ya mavuno. Tunabebea mpunga kwa sababu shamba letu liko mbali. Siku moja tairi ilipata pancha, tukaisukuma hadi nyumbani. Nilichoka, lakini mpunga ulikuwa salama.

Hakuna neno gumu hapo ambalo mtoto wa sekondari hawezi kulijua. Tofauti na jibu la kwanza ni kwamba hili lina watu, sababu na tukio, na anayemsikiliza anapata la kuuliza zaidi.

Makosa ya kurekebisha

Kosa la kwanza linatoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi tunapanda mti, tunapanda mlima na tunapanda baiskeli. Mtoto akitafsiri, anasema "I climb a bicycle." Kwa Kiingereza, "climb" ni ya mti na mlima. Baiskeli ni "ride". Na "drive" ni ya gari.

La pili ni safari. "I go to school by bicycle" ni sahihi. Akitaka kusema ni baiskeli yake mwenyewe, aseme "on my bicycle", si "by my bicycle".

La tatu ni wakati. Akisimulia jambo lililopita, vitenzi vibadilike: "buy" iwe "bought", "carry" iwe "carried", "fall" iwe "fell", "push" iwe "pushed". Akisahau, usimkaripie. Muulize tu, "Ilikuwa lini?" Akijibu jana au mwaka jana, atakumbuka kurekebisha.

La nne ni "he" na "she". Kiswahili kina "yeye" tu kwa baba na kwa mama. Kwa Kiingereza, akimtaja mama aseme "she", akimtaja baba aseme "he".

La tano ni herufi r na l, ambazo katika lugha zetu nyingi huchanganywa. Kwenye habari za baiskeli jambo hili lina madhara, kwa sababu "road" ni barabara na "load" ni mzigo. Mpe sentensi hii airudie polepole: "The load fell on the road," mzigo ulianguka barabarani.

Asikariri

Wapo watoto wanaoandikiwa insha nzima na kuikariri. Swali likibadilika kidogo, wanakwama. Baada ya kueleza baiskeli, mtoto anaweza kuulizwa kwa nini watu wengi siku hizi wanapenda bodaboda. Aliyekariri hana pa kushika. Aliyezoea kutoa sababu atasema: "A motorcycle is faster, but it needs petrol. A bicycle is slow, but it is cheap to use." Pikipiki ina kasi ila inahitaji petroli, baiskeli ni ya polepole ila gharama yake ni ndogo. Kwa hiyo kila siku badilisha swali.

Kama una binti, jiulize pia kama baiskeli ya nyumbani huendeshwa na kaka zake tu. Binti asiyewahi kuigusa atasimulia ya wengine, wala hatakuwa na la kwake la kuanza na "I". Mwache naye aendeshe, atumwe dukani, aharibikiwe na mnyororo na aurudishe.

Kazi yako wewe usiyejua Kiingereza

Chukua simu unayosomea ukurasa huu, bonyeza kinasa sauti, mwambie aongee dakika moja. Huhitaji kujua Kiingereza kusikia mambo matatu: je, ametaja neno "because", ambalo ni kwa sababu? Je, ametaja "one day", yaani siku moja? Je, amefika mwisho wa dakika bila kukaa kimya muda mrefu? Kisha asikilize sauti yake mwenyewe, arudie tena. Makosa ya sarufi mpelekee mwalimu wake wa Kiingereza, ukimwomba amsikilize.

Sharti moja nyumbani: anapoongea, hakuna kumcheka, na hakuna kumkatiza katikati. Kaka na dada nao waambiwe hivyo. Anayechekwa nyumbani hatanyoosha mkono darasani.

Anzeni na baiskeli wiki hii. Wiki ijayo ulizeni kuhusu mpunga, inayofuata kuhusu soko. Maswali ni yale yale manne, na kila mara msikilize kama "because" imetajwa.