Maneno yaliyofichwa: wateja wanatutafuta kwa jina gani?

Nauza omena wakavu hapa Sindo, ufukweni mwa Ziwa Victoria katika kaunti ya Homa Bay, lakini wateja ninaowalenga wako huko nyumbani Pwani. Nina tovuti ndogo ya bei na mizigo. Swali lililonisumbua ni moja: mtu akiingia Google, huandika maneno gani hadi anifikie?

Nilifungua Google Analytics nikidhani jibu limo humo. Idadi ya wageni niliiona, na kurasa walizosoma pia. Maneno waliyotafuta hayakuwapo. Nikadhani nimekosea mipangilio.

Kumbe sivyo. Oktoba 2011 Google ilianza kuficha maneno ya watu walioingia kwenye akaunti zao, na mwaka 2013 ikaendelea hadi karibu utafutaji wote. Sababu iliyotolewa ni faragha, na ina uzito: watu hutafuta habari za maradhi, madeni na talaka. Hata hivyo, wanaolipia matangazo bado huonyeshwa maneno mengi yaliyowaletea wateja. Sisi wengine hatuna budi kuzunguka.

Njia ya kwanza ni Search Console, ya Google hiyo hiyo, na ni bure. Ukithibitisha kuwa tovuti ni yako, utaona maneno yaliyofanya kurasa zako zitokee, mara ngapi zilitokea, mara ngapi zilibonyezwa, na zilishika nafasi ya ngapi. Kumbukumbu hukaa miezi 16. Maneno yanayotafutwa na watu wachache mno hayaonyeshwi.

Njia ya pili ni kuoanisha kurasa. Search Console hukwambia neno gani limeleta watu kwenye ukurasa fulani. Analytics hukwambia walipofika walifanya nini. Huwezi kumjua mtu mmoja mmoja, lakini mwelekeo utauona.

Ya tatu, weka kisanduku cha kutafuta ndani ya tovuti yako. Yanayoandikwa humo unaweza kuyahifadhi na kuyasoma. Ya nne haihitaji mitambo: mteja akipiga simu, muulize alikuwa akitafuta nini.

Mimi nilipotazama Search Console niliona aibu. Watu walikuwa wakitafuta "dagaa", nami nilikuwa naonekana mbali huko chini, ambako hakuna anayefika. Tovuti nzima nilikuwa nimeandika "omena", neno la Kijaluo linalotumika huku. Mzaliwa wa Pwani mimi, nimekaa ziwani hadi nikasahau mama alivyowaita samaki hao!

Nikaandika upya ukurasa wa bei, majina yote mawili yakiwamo. Simu za kutoka Pwani zikaanza kuingia, na wengi wanaopiga husema "dagaa".

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye duka, nyumba ya wageni au mashua ya watalii, usikate tamaa kwa kukosa maneno kwenye Analytics. Fungua Search Console leo, utazame watu wanakuitaje. Huenda wanakutafuta kwa jina ambalo hujaliandika popote.