Siku Tano, Kisiwa Kipi?

Mkazi wa Katesh, Haydom au Mbulu mjini anayetamani kupumzika kisiwani ana hesabu ya kufanya kabla ya kutazama picha za fukwe, nayo ni hesabu ya barabara. Wengi huanza na jina la kisiwa walichokisikia, wakalipa nauli, kisha wakagundua kwamba sehemu kubwa ya likizo imeishia kwenye kiti cha basi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Lakini mwalimu wa Dongobesh au muuguzi wa Hospitali ya Haydom hawezi kuzimalizia ufukweni. Kuna mavuno, kuna wazazi, kuna harusi na misiba. Zinazobaki kwa matembezi ni siku tano, au wiki kwa mwenye bahati.

Jina la kwanza kutajwa ni Unguja, na njia ya kwenda huko kweli imefupika. Barabara ya Babati, Kondoa hadi Dodoma ni lami tupu, na tangu mwaka 2024 treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam kwa takriban saa nne. Anayeondoka Hanang alfajiri anaweza kufika Dodoma mchana, akapanda treni ya jioni na kulala Dar es Salaam. Asubuhi inayofuata boti ya kasi inamvusha kwa saa mbili hivi. Ukitoa safari ya kurudi, siku tano zinamwachia usiku mbili kisiwani.

Kwa usiku mbili, achague mji au ufukwe. Kuvitaka vyote viwili ni kuvikosa vyote. Mji Mkongwe, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, unatosha peke yake: vichochoro, milango ya kuchongwa, soko la Darajani, urojo, na mishikaki ya Forodhani jioni. Ng'ambo kidogo kuna kisiwa cha Changuu na kobe wake wakubwa, ambao asili yao ni Ushelisheli.

Anayechagua ufukwe anahitaji kujua jambo ambalo mtu aliyekulia kando ya Ziwa Basotu au Balangida hana sababu ya kulijua: maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne. Pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa huondoka mbali kabisa, na mahali pa kuogelea panageuka uwanja wa mchanga ambako akina mama wanahudumia mashamba yao ya mwani. Ni mandhari nzuri kwa mwenye muda wa kusubiri maji yarudi. Mwenye siku moja tu ya bahari aende kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako kina kinaruhusu kuogelea karibu saa zote.

Msimu nao una neno lake. Likizo ya Juni, inayowafaa walimu, huangukia katikati ya kusi, upepo unaochafua bahari kuanzia Aprili hadi Septemba. Meli ya MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, katika upepo mkali wa majira hayo. Boti za Unguja huendelea na safari wakati wa kusi, lakini aliye mgeni wa bahari atarajie kutapika. Desemba hadi Februari, upepo wa kaskazi unapovuma, safari huwa nyepesi zaidi, ingawa ndiyo miezi ya wageni wengi na bei za juu.

Kuna kisiwa kingine ambacho watu wa Mbulu na Hanang hawakitaji, nacho kinawafaa kuliko wanavyodhani: Ukerewe.

Kutoka Katesh hadi Singida ni kilomita 65 hivi, na kutoka hapo lami inaendelea kupitia Nzega na Shinyanga hadi Mwanza. (Kwa aliye Haydom, ramani inaonyesha njia fupi ya daraja la Sibiti kwenda Meatu, lakini wakati wa mvua ni afadhali azunguke Singida.) Msafiri hulala Mwanza, na kesho yake kivuko kinamfikisha Nansio, mji wa Ukerewe, kwa saa tatu hivi. Usiku atakazopata ni zilezile mbili, ila hakuna kubadilisha basi kwa treni, wala hakuna bei zilizopangwa kwa dola. Nyumba za wageni ni za kawaida, sato ni wa siku hiyo, na machungwa ya Ukerewe yana sifa yake kanda nzima ya ziwa.

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, chenye takriban kilomita za mraba 530. Ndiko alikotoka Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945 na kusubiri zaidi ya miaka 30 kabla ya kuchapishwa kwa Kiswahili.

Lakini kwa mkulima wa Mbulu, hazina kubwa iko ng'ambo kidogo, kisiwani Ukara. Wakara, waliobanana kwenye ardhi ndogo yenye mawe, walibuni zamani kilimo kinachotegemea samadi: ng'ombe hufungiwa nyumbani na kulishwa majani ya kukatwa, na mbolea yao hupelekwa shambani. Wataalamu wa kilimo wamekuwa wakiandika juu yao tangu enzi za ukoloni, kama walivyoandika juu ya Wairaqw wa Kainam, hukohuko Mbulu, ambao nao walijifunza kulima miteremko kwa matuta na samadi bila kuhama. Jamii mbili zisizofahamiana zilifikia jibu moja. Mzee wa Kainam akitembezwa kwenye shamba la Mkara atakuwa na mengi ya kuuliza, na huo ni utalii wenye faida kuliko picha ya machweo.

Ukerewe una tahadhari zake. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikikaribia Ukara na kuua zaidi ya 220. Msafiri akiona chombo kimejaa kupita kiasi, asipande, hata kama tiketi imeshakatwa. Maji ya ufukweni yana kichocho, kwa hiyo kuogelea ziwani si jambo la kujaribu. Na mtu wa nyanda za juu za Mbulu, ambako malaria ni chache, alale ndani ya chandarua kila usiku.

Mwenye siku chache zaidi anaweza kuishia Mwanza na kuvuka dakika chache hadi Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya mbili tu. Rubondo, wanakoishi sokwe walioletwa miaka ya 1960 kutoka Ulaya, ni kisiwa cha ajabu lakini kinahitaji mfuko mzito.

Pemba na Mafia visubiri likizo ndefu. Kufika Mafia kwa barabara kunadai kwanza Dar es Salaam, kisha Nyamisati, kisha kivuko hadi Kilindoni, na papa potwe wanaowavuta wageni huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari. Kwenda huko kwa siku tano ni kujidhulumu mwenyewe.

Basi hivi: siku tano na mshahara wa kawaida, Ukerewe; wiki nzima na akiba, Unguja; siku kumi, Mafia. Kokote aendako, msafiri abebe kitambulisho cha taifa, aulize siku moja kabla saa ya chombo cha mwisho kurudi bara, na aweke nauli ya siku ya ziada, maana upepo ukikataa boti haiondoki.